Nzi wa Ukurasa wa Nne

Nilichora ng'ombe anakwenda kupigwa picha ya pasipoti.
Jina lake Sikudhani.
Nilimpa kofia ya kanisani, mkufu,
na kwato nne zilizopakwa rangi ya kucha.
Mpiga picha anamwambia: usicheke, usipepese,
na tafadhali, mama, acha kutafuna.
Kisha pembe zinagoma kuingia kwenye picha.
Hapo, nilijiambia, watoto watavunjika mbavu.

Nikaibeba rasimu ndani ya bahasha ya kaki
mpaka chekechea ya Mwalimu Ndeshi, kule Pasua:
watoto ishirini na sita mkekani,
harufu ya uji na ya masweta yaliyolowa.
Nikasoma. Nikabadili sauti. Nikalia "mooo"
hadi mlinzi akachungulia dirishani.

Kimya.
Mmoja akapiga mwayo, jirani akaudaka,
mwayo ukazunguka mkeka mzima
kama kikapu cha sadaka.

"Na mlima uko wapi?" akauliza Elinami.
Nikamwonyesha pale juu, pasipochorwa kitu:
"Umefunikwa na mawingu."
Akaridhika. Kwa hilo, Moshi hatubishani.

Ndipo Kunda,
ambaye mwalimu alinionya mapema,
huyu hacheki, usijichoshe,
akajiburuta mbele kwa makalio,
akaweka kidole ukurasa wa nne,
juu kabisa ya pua ya Sikudhani.
"Nzi."

Hakuwa nzi. Lilikuwa tone la wino:
kalamu ilikohoa usiku ule umeme ulipokatika,
nami nikaona uvivu kuurudia ukurasa.
"Nzi!" akasema tena. Tumbo likaanza kumtikisika,
kicheko kikamtokea puani kwanza,
kikakwama, kikatoka chote,
na mkeka wote ukaanguka chali.
Kofia yangu, pembe zangu, rangi yangu ya kucha,
hakuna aliyeziulizia.
Walitaka kujua: nzi anasafiri kwenda wapi?
Na yeye pasipoti anayo?

Nikarudi nyumbani nikachora upya, nzi kila ukurasa:
kwenye lenzi, kwenye chai ya mpiga picha,
kwenye foleni, nyuma ya ng'ombe, kabeba begi.

Kazi ikapelekwa Arusha kupigwa chapa
kwa bwana mmoja makini, Laizer, wa Unga Limited,
mwenye miwani mbili, moja machoni, moja kipajini.
Nakala mia tatu zikashuka na basi la saa nane,
zimefungwa kwa kamba ya katani, na barua juu yake:
"Ndugu mchoraji, kulikuwa na madoa meusi
kila ukurasa. Nimeyafuta yote.
Kwa hilo sijakutoza."

Nikakaa juu ya maboksi kama mfiwa.
Utamgombezaje mtu kwa wema?

Jumamosi, mkeka ule ule.
Kalamu ishirini na sita, kila mtoto na yake,
na Mwalimu Ndeshi, miaka kumi na tisa kazini,
akatoa amri ambayo hajapata kuitoa:
"Haya. Chafueni vitabu."

Kwa hiyo ukikutana na nakala mahali,
nzi akawa na miguu kumi na mmoja,
huyo ni wa Elinami: alikuwa anajifunza kuhesabu,
akanogewa.
Ukiona nzi mkubwa kuliko ng'ombe, usishangae,
kuna mtoto aliona ng'ombe kapendelewa.
Na ukurasa wa tisa, kama una alama ya kidole cha uji,
huyo naye ni nzi. Nilihakikishiwa.

Kunda alichora mmoja tu, asubuhi nzima.
Hakumchora kwa Sikudhani.
Alikigeuza kitabu, jalada la nyuma,
penye picha yangu: shingo nimeinyoosha,
sicheki, sipepesi, sitafuni.
Akamtua puani,
akapuliza wino ukauke,
kisha akainua macho kunitazama
aone kama nitajikuna.

Nikajikuna.